Vifungo vya Shangazi

Testa yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni kilichoogewa siku mbili. Haikuwa hata na kasha. Ilikuja uchi: ubao wa kijani, skrini ndogo kama stempu, soketi yenye mkono wa kubana, kitufe kimoja, na mkia wa waya wa kuvalisha betri ya mraba. Fyuzi aliipakata kama baba aliyekabidhiwa mtoto wa kwanza na kuambiwa aangalie shingo.

"Unachomeka miguu popote, shimo lolote," alimweleza mteja aliyekuja kuulizia pasi yake ya nguo. "Unabonyeza. Sekunde mbili kinakwambia hii ni transista, hii ni dayodi, hii ni rezista, mguu gani ni upi, nzima au maiti. Simwiti testa huyu. Huyu ni Hakimu."

"Na pasi yangu?"

"Kesi yake imeahirishwa hadi Jumatano."

Fyuzi ndilo jina alilojulikana nalo, kazini hadi msibani. Alilipata akiwa na miaka saba, siku alipotumbukiza uma kwenye soketi ya ukutani akitaka kujua umeme una ladha gani, akazima nyumba yao na za majirani wawili. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alimvuta kutoka chini ya meza, akamkagua vidole, akaona vyote kumi vipo, ndipo akacheka. "Kumbe humu ndani tuna fyuzi yetu wenyewe." Basi. Mwaka haukuisha, hata mwalimu wa darasa akawa amesahau jina lililokuwa kwenye rejista.

Naye akakua na kipaji hichohicho cha kubandika watu majina. Mwenye nyumba aliyemkodishia chumba cha kazi alikuwa Kikohozi, maana alianza kukohoa kona mbili kabla hajafika. Fundi mwenzake, mnene, mpole, mwenye vipara viwili kichwani, alikuwa Kiazi. Jina likishatoka kinywani mwa Fyuzi, mwenye jina hakuwa na pa kukata rufaa. Hata mke wa Kiazi alikuwa akimwita Kiazi.

Wiki ya kwanza Hakimu alisikiliza kesi nyingi. Fyuzi alipima kila kilichokuwa na miguu humo chumbani, na kilipokwisha kilichokuwa na miguu akapima penseli, ambayo Hakimu, bila kucheka, aliitambua kuwa ni rezista. Ilipofika Jumamosi, hamu ya kumwonyesha Shangazi ilikuwa inamwasha kama upele. Alimfunga Hakimu kwenye kitambaa cha miwani, akatupa mita yake ya kawaida kwenye begi kwa mazoea tu, akapanda gari kuvuka mji.

Shangazi alikuwa na kibanda kwenye soko la spea za zamani, safu ya pili, kati ya fundi saa na muuza nyaya. Mumewe alikuwa fundi wa televisheni, na kwa miaka ishirini Shangazi alikuwa mshika tochi wake; sasa marehemu alikuwa na miaka tisa kaburini na tochi ilikuwa bado ya Shangazi. Spea zake alizipanga kwenye chupa za vidonge, kila chupa na karatasi yake, kwa mwandiko uliolala kulia kama unapigwa na upepo. Hapo ndipo Fyuzi alipojifunza kulehemu, akitoka shule na sare mwilini, akiunguza mikono ya shati.

Kununua kwake kulikuwa ibada. Mtu akimletea transista, Shangazi kwanza aliipitisha ukucha juu ya maandishi. Kisha pamba, na tone la dawa ya kufutia rangi ya kucha, anafuta taratibu akitazama kama wino unatoka. Kisha anaweka moja kiganja cha kulia na nyingine, anayoijua, kiganja cha kushoto, anafumba macho, anapima uzito. Ikimtia shaka hairudishi na haiuzi. Anakata miguu yake yote mitatu kwa koleo, chap, chap, chap, isije ikamdanganya mwingine mbele ya safari. Kwa hiyo hakuna fundi aliyemwomba hakikisho. Akisema "hii nzima," ulichomeka ukaenda zako. Neno lake lilikuwa ndicho kitu pekee alichouza kweli. Chupa zile zilikuwa za kulibebea tu.

Na chini ya meza, ndani ya kopo la biskuti lililotandikwa flana, kulikuwa na zile kubwa: transista nene za kuvuta picha kwenye televisheni za kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, alizozing'oa marehemu kwa mkono wake kutoka kwenye mashine zilizokufa kwa magonjwa mengine. Hizo watu walizifuata kutoka mbali. Vijijini na mitaa ya nyuma vichogo bado vilikuwa vinaishi, na spea zao mpya zilikuwa zimejaa utapeli.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko kwako hamli?"

"Tunakula, ila chakula kinapita bila kusimama."

Mafundi sita waliokuwa wamezunguka kibanda walicheka. Jumamosi hawakukosa, Kiazi akiwemo, ameshachagua transista mbili kubwa kutoka kwenye kopo na kuzishika ngumini. Fyuzi akamfunua Hakimu kama mchawi anayetoa njiwa.

Akaomba transista ndogo kutoka chupa ya kwanza. Akabana, akabonyeza. Skrini ikachora transista, ikataja miguu. Sahihi. Chupa ya pili, dayodi. Sahihi. Shangazi mwenyewe alivutiwa. Alivua miwani, akaivaa tena, akatoa kidude alichokuwa karibu kukikata miguu. "Hebu muulize na huyu."

"Maiti," Fyuzi akasoma.

"Kweli kabisa," akasema Shangazi, na koleo likafanya chap, chap, chap. "Kina akili, baba. Kinanipunguzia pamba."

Lau wangeishia hapo! Fyuzi angerudi kwake kifua mbele, Shangazi angepata cha kusimulia wiki nzima, na hadithi hii isingekuwa na haja ya kuwepo. Lakini Kiazi, kwa upole wake wote, akasema, "Pima na za kopo la marehemu, tuone."

Fyuzi akabana moja. Akabonyeza.

Skrini ikafikiri, ikachora dayodi moja na rezista moja. Transista haikuonekana.

Akageuza miguu, akabonyeza tena. Dayodi, rezista. Akachukua ya pili. Ya tatu. Ya nne. Dayodi, rezista, dayodi, rezista, kama mtu anayekariri shahada.

Mafundi ni watu wa ajabu: watabishana na mke, na daktari, na askari wa barabarani, lakini skrini ikiwaka hakuna anayefungua mdomo. Sita wakamtazama Shangazi. Kisha wakamtazama Fyuzi.

Fyuzi alijua aliye mbele yake ni nani. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kunyamaza, hata kwa kujifanya ana kikohozi kama mwenye nyumba wake. Lakini macho ya watu sita yalikuwa yanamsubiri, na ulimi wa Fyuzi haukuwahi kufundishwa kupanga foleni. Akainua ile ya nne juu, akaishika kwa mguu. Mgongoni ilikuwa na tundu la kupitishia skrubu. Akaiweka kifuani pake, kwenye shati.

"Shangazi, hizi siyo transista. Hizi ni vifungo vya koti! Hata tundu la uzi lipo!"

Walicheka. Siyo kucheka kwa adabu; walishikana mabega. Fundi saa wa jirani alichungulia kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka naye.

"Pima tena," alisema Shangazi. Sauti ilikuwa ya chini.

"Nimepima nne, Shangazi."

"Hicho chako kina kibetri cha kuwashia kiredio. Hizi ni za kubeba mzigo. Ngoja nitoe ubao wa marehemu wa kupimia, tuziulize kwa taa." Akaanza kuinama. Mkono mmoja ulishika ukingo wa meza, mwingine ukapotea chini, ukipapasa.

Na Fyuzi, mwenye kicheko cha watu sita bado kinamtekenya masikioni, akaongeza: "Ubao wa nini tena, unataka kukata vitunguu? Jamani, mpeni nafasi Bi Vifungo, anatafuta sindano!"

Wakalipuka upya.

Shangazi alisimama katikati ya kuinama. Hakwenda chini, hakuja juu. Alikaa hivyo muda ambao Fyuzi baadaye aliupima mara nyingi kichwani na hakuwahi kupata jibu moja. Kisha akanyanyuka, polepole, bila ubao. Akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. Akalifunika kopo.

Kiazi alikuwa bado na zile mbili ngumini. Alizitazama, akazilaza juu ya kifuniko bila kelele, kama mgeni anayerudisha sahani ambayo hakuimaliza. "Nitapitia siku nyingine, mama," akasema.

"Pita tu," alisema Shangazi. Halafu akamgeukia Fyuzi, ambaye bado alikuwa na moja kifuani. "Hicho chukua, baba, kwa kuwa umekipenda."

Alikichukua. Alikitia kwenye pete ya funguo zake, lile tundu la skrubu likapita vizuri kabisa.

Na kwenye begi, muda wote huo, mita ilikuwa imelala bila kuulizwa.

*

Jina lilisafiri kuliko alivyotaka. Wiki ile ile fundi ambaye hakuwahi kumwona alimpigia simu kuulizia spika, na kabla ya kuaga akasema, "Kaka, si ndiyo wewe mtoto wa Bi Vifungo?" Fyuzi alicheka. Mara ya pili alicheka kidogo. Mara ya tano alisema mtandao unakatika.

Spea akawa anazinunua karibu na kwake, kwa Bwana Vioo, mwenye duka lenye rafu za kioo na taa nyeupe ambayo ilimfanya kila mteja aonekane anaumwa. Transista zake zilikuwa mpya, maandishi yanang'aa kama meno ya tangazo la dawa. Fyuzi alizipima moja moja palepale kaunta, Hakimu akazipitisha zote: transista, safi, transista, safi. "Nikuonyeshe duka moja lisilo na vifungo," alikuwa akiwaambia wenzake.

Shangazi alimpigia simu mara kwa mara. Hakutaja chochote. "Biashara ipo," alisema akiulizwa, na Fyuzi akasema, "Nitapita Jumamosi," na Shangazi akasema, "Karibu, baba." Jumamosi zilikuja na kuondoka. Alikuwa na kazi nyingi. Hivyo ndivyo alivyoita ile hali, kazi nyingi, maana aibu ni neno refu zaidi hata kama lina herufi chache.

Mwezi wa tano tangu siku ile, nesi mmoja mstaafu alimwita nyumbani kwake. Alikuwa na kichogo kikubwa, kilichomzidi Fyuzi umri, juu yake kitambaa cha kufuma na picha za wajukuu wanane. Wanawe walitaka kumletea televisheni bapa. Alikataa. "Hiyo nitaweka wapi wajukuu? Niwagundishe?"

Ugonjwa ulikuwa mwepesi: ile transista ya kuvuta picha imeungua. Fyuzi akaweka mpya ya Bwana Vioo, iliyopita kwa Hakimu bila doa. Ikaishi siku mbili. Akaja akaweka ya pili. Ikaishi muda wa taarifa ya habari, bila michezo. Alipokuja mara ya tatu, nesi alimngojea mlangoni mikono kiunoni.

"Kijana, nimechoma watu sindano miaka thelathini na nne. Sijawahi kumchoma mtu mmoja mara tatu kwa ugonjwa uleule."

"Mama, leo tunamaliza."

Alipima bodi nzima, mguu kwa mguu, kwa mita. Hakuna kosa. Akaweka transista ya tatu, akawasha. Picha ikaja, ikamkonyeza, kisha nyuma ya kichogo kikasikika kimlio, *tii*, na harufu ikaenea sebuleni kama ya nywele zilizoungua. Wajukuu wanane walimtazama kutoka kwenye fremu zao.

Hakuwa na nyingine. Alijipapasa mifukoni kwa haya tu, ili nesi aone anatafuta, akatoa funguo na kuziweka mezani. Ile transista ya kopo ikagonga meza kwa uzito wake.

Aliitazama. Namba ilikuwa ileile iliyotakiwa. Rangi ilikuwa imechubuka kwa miezi mitano ya kusuguana na funguo, lakini maandishi hayakuwa yamefutika.

"Hiki hata kikilipuka, hakuna aliyepoteza," alijisemea, akakitoa kwenye pete, akaunga vipande vya waya kwenye miguu iliyokatika ncha, akakifunga kwenye bati la kupozea, akalehemu. Akawasha huku uso ameugeuza pembeni.

Kichogo kikanguruma taratibu. Picha ikafunguka, ikajaa kioo chote, kona hadi kona. Mtangazaji akatokea na shingo yake.

Fyuzi alikaa chini sakafuni. Alikaa robo saa, akingoja *tii*. Alikaa nusu saa. Nesi alileta maji, akayakuta hayajaguswa saa nzima baadaye. Fyuzi alipitisha mkono nyuma, akagusa bati. Lilikuwa vuguvugu, kama paji la uso la mtoto asiye na homa.

"Safari hii umempa dawa gani?" nesi akauliza.

"Kifungo," alisema Fyuzi.

Akatoa simu, akatafuta namba ile. Alikuwa ameitafuta mara nyingi kuangalia miguu, hakuwahi kuteremka hadi kwenye mchoro. Leo aliteremka. Mchoro ulikuwa na transista, na ndani ya tumbo la transista, kati ya miguu miwili, waliotengeneza walikuwa wameficha kirezista kidogo. Na pembeni, dayodi.

Dayodi moja, rezista moja.

Hakimu hakuwa amesema uongo hata siku moja. Alikuwa na kaumeme kadogo ka betri. Kalipoingia kwenye zile transista nene kalipenyea kwenye kirezista na kutoka zake, kama mtu anayepita uani bila kumwamsha mwenye nyumba. Transista haikuamka, naye Hakimu akaandika alichokigusa. Kuiamsha kulihitaji umeme wa kutosha, na taa ya kuonyesha kwamba imeamka. Kulihitaji ubao.

Akamwomba nesi dawa ya kufutia rangi ya kucha, ya mjukuu. Akachovya pamba, akasugua moja ya zile tatu za Bwana Vioo. Maandishi meupe yakatoka pamoja na rangi nyeusi iliyokuwa imepakwa, na chini yake ikachungulia namba nyingine, ya kitransista cha kawaida. Akaipasua kwa koleo. Ndani ya jumba lote lile kulikuwa na kipande chenye ukubwa wa ufuta. Hakikuwa na kirezista, hakikuwa na chochote cha kuficha. Ndiyo maana Hakimu alikisoma vizuri. Za kweli zilifeli kwa sababu zilikuwa za kweli. Hizi zilifaulu kwa ufeki wake.

Nesi alimwona anatupia vifaa kwenye begi. "Umekula?"

"Nina safari, mama. Hiyo haitaungua tena."

*

Alifika sokoni jua likiwa bado juu. Safu ya pili, fundi saa, muuza nyaya. Katikati yao akadhani amepotea.

Chupa zilikuwa palepale, zimepangwa vilevile, na mwandiko uliolala kulia. Lakini ndani yake kulikuwa na rangi. Nyekundu, bluu, nyeupe za lulu, za kahawia kama pipi. Matundu mawili, matundu manne. Juu yake zipu zilining'inia kama ndimi. Shangazi alikuwa ameketi, miwani puani, akitunga vifungo kwenye uzi, kumi kumi.

"Ah, Fyuzi. Karibu, baba. Umekonda."

Hakuamkia. Alisahau hata shikamoo. "Shangazi, hii ni nini?"

"Vifungo." Alisema bila kumtazama, kama mtu anayesema saa ngapi. "Walikuwa wanakuja kunichungulia tu, wanacheka, wanaondoka. Siku moja fundi cherehani akasikia jina, akaja kweli kuulizia vifungo. Nikamwambia sina. Wa pili akaja. Nikaona, kama jina ndilo hili, na litufanyie kazi."

Fyuzi alikuwa ameandaa maneno garini. Alikuwa na utangulizi, alikuwa na mahali pa kumfanya acheke kidogo. Yote yalipotea. Akasimulia moja kwa moja: nesi, kichogo, mara tatu, pete ya funguo.

Mikono ya Shangazi ilisimama.

"Ikawaka?"

"Ikawaka."

"Picha ilijaa? Kona zote?"

"Zote."

"Pembeni hakuna kivuli? Haikujikunja kulia?"

"Hakuna, Shangazi. Imenyooka kabisa. Bati ni vuguvugu tu."

Alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, lakini si kwake. Alitabasamu kuelekea mahali ambapo zamani palikuwa na kiti cha pili. "Ile marehemu aliitoa kwenye mashine iliyoangushwa na wahamisha mizigo. Kioo kimevunjika, yeye anafurahi. Anasema, angalia, ndani hajaumia hata kidogo."

"Ziko wapi nyingine? Nitazinunua zote. Nitawaambia watu, nitaleta betri, tutaziwasha moja moja mbele yao."

"Zilienda na mtu wa vyuma chakavu."

"Zote?"

"Na kopo lake. Flana nilibaki nayo." Akaokota kifungo kilichoanguka. "Alizipima kwenye mizani. Nayo haikukosea, baba. Ilisema ni uzito kiasi gani, na kweli ulikuwa ndio uzito wake."

Fyuzi aligeuza macho pembeni ya meza kwa sababu hakuweza kumtazama usoni. Ubao ulikuwapo. Ulikuwa umesimamishwa ukutani, taa yake ya gari bado imefungwa kona ya juu, na nyaya zake mbili zimekunjwa vizuri. Sehemu nyingine yote ilikuwa imepigiliwa vifungo vya mfano, safu kwa safu, ili wateja wachague.

"Naenda kuwaambia," alisema.

"Nani?"

"Wote."

"Nenda," alisema Shangazi, akaendelea kutunga.

Hakwenda mbali. Mafundi sasa walikuwa wanakutana kona ya safu, kwenye benchi. Kiazi alikuwepo, na wengine watatu wa siku ile.

"Fyuzi! Umepotea wewe. Leta habari."

"Sikilizeni," alisema. "Zile transista za Shangazi zilikuwa nzima. Zote. Mimi ndiye niliyekosea. Testa yangu haiwezi kupima zile, zina rezista ndani. Zilikuwa halisi kuliko chochote tunachonunua."

Walimtazama. Mdomo wa Kiazi ulikuwa umeanza kufunguka kwa kicheko, umesimama njiani, unangoja.

"Eheee," Kiazi akasema. "Malizia."

"Imekwisha."

"Malizia bwana, usitutese!"

"Kiazi, nasema kweli. Niliweka moja kwenye kichogo cha mtu. Ile ya kwenye funguo zangu."

"Ameweka kifungo!" mmoja akapiga paja. "Amefunga televisheni vifungo!"

Wakaanguka. Kiazi alijifuta machozi kwa kiganja. Fyuzi alisimama mbele yao akirudia, mara mbili, mara tatu, na kila aliporudia akiwa amekaza uso zaidi, wao walizidi kucheka, maana hawakuwahi kumwona akiigiza vizuri namna hiyo. Miaka yote aliyowachekesha ilikuwa imeketi pale benchini pamoja nao. Akatoa Hakimu mfukoni awaeleze, na walipomwona tu Hakimu, mmoja akaomba maji.

"Wewe kijana," Kiazi alimwambia alipokuwa akigeuka, kwa upendo mtupu, "wewe utatuua."

Alirudi kibandani. Shangazi alikuwa amesikia. Benchi lilikuwa hatua ishirini. Alisogeza kigoda kwa mguu. Fyuzi akakaa, kwenye kigoda kilekile alichojifunzia kulehemu, magoti sasa yakimfika kidevuni.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilishakusamehe kabla hujafika kituo cha gari. Wewe ni mtoto wangu, nitakupeleka wapi?" Akampa kisahani cha vifungo vilivyochanganyika na chupa mbili tupu. "Lakini siku ile sikukuomba uniheshimu. Sikukuomba hata uninyamazie. Nilikuomba kitu kimoja."

"Nipime tena."

"Nilikuwa karibu kuugusa ubao." Akamwonyesha kwa vidole viwili nafasi iliyokuwa imebaki, ndogo, kama upana wa kifungo. "Hivi tu."

Fyuzi akapokea kisahani. Akainama, akaanza kuchambua. Vya matundu mawili kulia, vya matundu manne kushoto. Kimoja kilimtia shaka. Akakipitisha ukucha juu, bila kujua, akakipima uzito kiganjani. Shangazi alimwona, akatazama pembeni.

Mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni alikuwa anakuja haraka kutoka mwanzo wa safu, sampuli ya kitambaa cha kijani mkononi, akiita kwa furaha tangu mbali, "Bi Vifungo! Bi Vifungo, upo?"

Kidole cha Fyuzi kikateleza, kisahani kikagonga chupa.

"Abee," aliitika Shangazi, akavaa miwani. "Nipo, mama. Njoo."